Lusu: Mzigo Hupimwa Kabla ya Safari

Kutoka Tabora mjini hadi Nzega ni kilomita zipatazo 115 za lami. Abiria wengi huutumia mwendo huo kulala. Mimi sikulala, kwani ndani ya mkoba wangu ilikuwamo barua ambayo nilikuwa sijaitia saini, na barua hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ulikuwa mwezi wa Januari. Maembe yaliuzwa kwa ndoo kando ya barabara, na majaruba ya mpunga yalikuwa yameshika maji. Nzega nilishuka, nikachukua bodaboda hadi Lusu.

Barua yenyewe ni tazkiya, yaani ushahidi wa maandishi juu ya dini na tabia ya mtu. Katibu wa msikiti huandika nyingi: za posa, za kazi, na siku hizi zaidi za vijana wanaoomba masomo ya juu ng'ambo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoasisiwa mwaka 1961, huitaka kwa waombaji wake. Wafadhili wengine hawaiiti kwa jina hilo, bali huomba barua za watu wanaomfahamu mwombaji. Maana ni ile ile.

Nakiri kosa langu. Miaka ya nyuma nilimwandikia kijana mmoja kwa kuombwa na mjomba wake. Nilieleza kuwa namjua vyema, ilhali nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Chuo alichoomba kikanipigia simu kuuliza alisoma nini kwetu na kwa muda gani. Nikababaika. Kijana yule hakupata nafasi, na aibu ile ningali nayo. Tangu hapo kamati yetu iliazimia kwamba haiandiki tazkiya ila baada ya kuketi na mwombaji pamoja na wazazi wake. Kuandika tusilolijua ni kutoa ushahidi wa uongo, na uzito wa dhambi hiyo kila Muislamu anaufahamu.

Mwombaji wa safari hii ni mwalimu wa sekondari, binti wa miaka 27, aliyesoma Tabora mjini na kufundisha watoto katika madrasa yetu. Ana shahada ya ualimu wa kemia na jiografia. Anaomba ufadhili wa serikali ya Uturuki ili asome uzamili katika usimamizi wa rasilimali za maji. Ufadhili huo hauna ada ya maombi; kwa kawaida dirisha hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, na mwombaji wa uzamili anatakiwa awe chini ya miaka 30. Anayechaguliwa hulipiwa ada, malazi, bima ya afya na posho, na kabla ya masomo yenyewe husomeshwa Kituruki kwa mwaka mmoja.

Watu wa nchi hii si wageni wa safari ndefu. Tabora ya zamani, iliyoitwa Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara: mmoja wa njia zake ulishuka Bagamoyo, mwingine ulikwenda Ujiji, na Speke aliifuata ya kaskazini mwaka 1858 hadi akalifikia ziwa. Waliobeba shehena za biashara hiyo ni mababu zetu Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila 2, nao ulipimwa na kufungwa vizuri kabla ya kuondoka. Aliyefunga ovyo aliujutia porini, mbali na mizani na mbali na nyumbani.

Nilikaribishwa kwa salamu ya Kiislamu, ikafuatiwa na "mwangaluka" ya nyumbani. Baada ya uji tulitandika makaratasi yote mkekani, na hapo ndipo nilipoona jinsi mzigo wa binti yetu ulivyofungwa. Katika cheti cha kuzaliwa jina la baba ni "Ramadhani". Katika vyeti vya mitihani ni "Ramadhan". Katika kitambulisho cha taifa, jina la babu limeachwa. Kwetu sisi huyu ni mtu mmoja. Kwa karani aliye Ankara huenda wakawa watatu. Tukakubaliana aende kwa wakili, aapishwe juu ya jina lake, hati isajiliwe, ndipo aombe pasi ya kusafiria. Pasi hiyo peke yake ni shilingi 150,000, na mshahara wa mwalimu unajulikana.

Wazazi wenzangu, vijana wengi wenye akili hawashindwi na ugumu wa masomo. Hushindwa na herufi moja iliyoandikwa vibaya siku walipoandikishwa darasa la kwanza, kisha ikagunduliwa wiki moja kabla ya dirisha kufungwa. Wengine hukimbilia mawakala wanaodai fedha ili "kusukuma" maombi ambayo hayana malipo. Kagueni vyeti vya watoto wenu sasa, wakiwa bado wadogo.

Alasiri mzee alinichukua kunionyesha mgodi. Golden Pride ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990, wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini, nao ukafungwa baada ya takriban miaka 15. Tulisimama kimya. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake:

"Dhahabu ya hapa ilikwenda, Katibu, na shimo tunalo. Na mwanangu je?"

Nilimkumbusha waliokwenda wakarudi. Sayyid Ahmad bin Sumayt alikuwa tayari kadhi Unguja alipokwenda Istanbul katika miaka ya 1880 kuongeza elimu, na akarejea kuwafundisha watu. Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha St. Mary's hapa Tabora mwaka 1949, akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada. Mzee alitikisa kichwa. "Hao walirudi," alisema. "Wasiorudi hatuwataji." Sikuwa na jibu, kwani alisema kweli.

Usiku, baada ya Isha, aliuliza swali lile lile mbele ya binti yake. Binti alifikiri kabla ya kusema.

"Baba, ndoo mnazozipangia foleni kila kiangazi ndizo ninazokwenda kuzisomea. Kurudi nimenuia. Lakini lililo mikononi mwa Mwenyezi Mungu siwezi kukuahidi."

Mama yake, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema: "Nia inatosha. Sisi pia tulikuoza dada yako kwa nia tu."

Nikafungua mkoba, nikaisoma barua kwa sauti. Baba aliniambia kwa simu kuwa binti amefundisha madrasa yetu miaka 5, nami ndivyo nilivyoandika. Nilipofika hapo, binti alinikatiza.

"Samahani, Ustadhi. Ni miaka 2. Iliyobaki nilikuja likizo tu."

Baba yake alimtazama. "Mitano itakusaidia, mwanangu."

"Wakinipigia simu, baba, nitasema miwili."

Chumba kilinyamaza. Nilimkumbuka Jabir bin Abdillah, Allah amuwie radhi, aliyesafiri mwendo wa mwezi mzima kwenda Sham kwa ajili ya hadithi moja tu, aisikie kwa aliyeisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Safari yote ile ilikuwa ya kuhakikisha neno. Nami katibu, ambaye sikuwa na safari zaidi ya kwenda kabatini kufungua daftari la walimu, sikuwa nimehakikisha idadi ya miaka.

Nilikata tano, nikaandika mbili. Nikaongeza sentensi moja ambayo sikuwa nayo nilipotoka Tabora: kwamba mwombaji huyu alisahihisha sifa yake mwenyewe ilipozidishwa, nami nikiwepo. Kisha nikatia saini na muhuri wa msikiti.

Maombi yalitumwa siku chache baadaye kutoka Nzega mjini. Jibu halijafika. Livingstone naye alikaa Kwihara, jirani na Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani; kungoja ni sehemu ya safari. Namuomba Mwenyezi Mungu amchagulie lenye kheri, na akienda, amrudishe Lusu salama.