Folda iliyoitwa akiba

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Kuna kijana ameniandikia akitaka nimweleze hatua kwa hatua jinsi ya kuwasha programu ya seva kwa kutumia amri tupu, bila vitufe vya kubofya. Nilianza kumjibu kwa mistari mitano, nikajikuta nakumbuka jambo la mwaka 2013 ambalo sijawahi kuliandika popote. Basi jibu lako, ndugu yangu, ndilo hili, ingawa limechukua njia ndefu.

Programu yenyewe ilikuwa Ushahidi. Wengi mnaijua. Ilizaliwa Januari 2008 hapa kwetu, wakati nchi ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake kwamba ingefaa kuwe na ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi, na ndani ya siku chache akina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaisimamisha. Mtu anatuma habari kwa simu au kwa tovuti, habari inakaguliwa, kisha inawekwa kwenye ramani. Baadaye ikatolewa kama programu huria, yeyote angeweza kuipakua na kuiweka kwenye seva yake. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, iHub ilifunguliwa pale Bishop Magua Centre, Ngong Road, na sisi tuliokuwa hatuna ofisi wala intaneti ya maana tukawa tunapanda kwenda kukaa huko juu mchana kutwa. (iHub haipo tena jengo lile, lakini bado nikipita huwa nainua macho.)

Mwishoni mwa 2012 kikundi cha wakazi wa Kawangware kilinitafuta. Walikuwa wameona mambo mwaka 2008 na hawakutaka kuyaona tena. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, nami nitamwita hivyo. Alikuwa pia mweka hazina wa chama cha akina mama, na daftari lake kubwa halikumtoka mkononi. Walitaka ramani yao ndogo: watu wanaoaminika katika mitaa, 41 kwa jumla, watume ujumbe wakiona vikaratasi vya uchochezi, wakisikia vitisho, wakiona vijana wanakusanywa usiku. Nikasema hiyo ni kazi ya wikendi moja. Mnajua sisi watu wa kompyuta.

Nilikodi seva ndogo ng'ambo, memori megabaiti 512, nikaingia kwa ssh. Ilikuwa Ubuntu 12.04. (Msije mkanakili amri hizi leo, toleo lile lilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa Aprili 2017, na Ushahidi ya sasa imejengwa upya kabisa.) Kazi ilianza hivi:

sudo apt-get install apache2 mysql-server php5 php5-mysql php5-curl php5-gd php5-mcrypt php5-imap

Halafu nikaunda hifadhidata, nikafungua kifurushi cha Ushahidi ndani ya /var/www/ramani, nikampa mtumiaji wa Apache ruhusa ya kuandika kwenye folda zinazohitaji:

sudo chown -R www-data application/config application/cache application/logs media/uploads

Ukurasa wa mbele ukafunguka, nikashangilia peke yangu. Nikabofya ripoti: 404. Nikabofya ukurasa mwingine: 404. Hii iliwasumbua wengi. Ushahidi ya wakati ule ilitegemea faili ya .htaccess kupanga anwani zake, na Apache ya Ubuntu ilikuja ikiwa imeambiwa isiisome faili hiyo. Dawa ni amri moja na neno moja. Amri ni sudo a2enmod rewrite. Neno liko ndani ya /etc/apache2/sites-available/default, kwenye mistari hii:

Options Indexes FollowSymLinks MultiViews
AllowOverride None

Nikabadilisha None kuwa All, nikahifadhi, nikawasha Apache upya, kila kitu kikafunguka. Naomba mwangalie huo mstari wa juu. Niliusoma. Macho yangu yalikuwa juu yake kabisa. Indexes maana yake ni kwamba mtu akifungua folda isiyo na ukurasa wake, Apache imwonyeshe orodha ya vyote vilivyomo. Niliujua vizuri, lakini siku hiyo nilikuwa natafuta dawa ya 404, nao haukuwa unanizuia kitu.

Baada ya hapo nikafanya mambo mawili madogo. La kwanza, nikaifuta index.html ya Apache, ile inayosema "It works!", kwa sababu niliona inatia aibu kwenye anwani ya wateja. La pili, nikaweka nakala za akiba kwa cron, kila usiku saa nane:

0 2 * * * mysqldump ramani > /var/www/akiba/ramani-$(date +\%F).sql

(Ule mkwaju kabla ya alama ya asilimia usiusahau, cron hulichukua % kuwa mwisho wa amri. Ulinila saa nzima.) Mtaniuliza kwa nini nikaweka akiba ndani ya /var/www. Ni kwa sababu nilitaka niweze kuipakua kwa kivinjari nikiwa kwenye saiba yoyote, hata bila laptopu yangu. Nilijiona mjanja.

Ujumbe wa simu tuliupokea kwa FrontlineSMS, kwenye laptopu ya zamani yenye modemu na laini ya simu, sebuleni kwa Mwalimu. Kila ujumbe ukiingia, FrontlineSMS inafungua anwani ya seva yetu ikiwa na ufunguo, namba ya mtumaji na maneno yake. Kwa hiyo ndani ya hifadhidata kulikuwa na ujumbe wote, na namba ya kila aliyeutuma. Mmoja alikuwa ametaja jina la mtu aliyekuwa akigawa pesa kwa vijana. Mwingine alikuwa ametaja nyumba.

Jumamosi tarehe 2 Machi 2013, siku mbili kabla ya kura, nilikuwa Luthuli Avenue natafuta modemu ya pili, maana ile ya kwanza ilikuwa inapata joto na kuzima. Kelele za spika pande zote. Simu ikalia, ni Mwalimu, yuko kwenye saiba karibu na kituo cha 46.

"Kijana wangu, ule mtandao wetu, naona umeandika akiba. Hiyo ni akiba ya pesa? Mbona hamkuniambia mimi mweka hazina?"

Nikamwambia, Mwalimu, umeandika anwani gani? Alikuwa amesahau kuongeza /ramani. Ameandika ile fupi tu, na badala ya ukurasa akaona folda mbili: akiba, na ramani. Nikamuuliza kama amebofya. "Nimebofya. Kuna tarehe tarehe. Nimefungua moja, naona namba za watu wangu."

Sijui niliagana naye vipi. Nilipanda ngazi za jengo moja hapo, nikaketi kwenye ngazi, nikafungua laptopu magotini, modemu ya zamani pembeni. Herufi zilikuwa zinachelewa kutokea kwenye skrini kama mtu anayefikiria kabla ya kusema.

sudo mv /var/www/akiba /root/
sudo a2dismod autoindex
sudo service apache2 restart

Dakika mbili. Kisha amri ambayo sikutaka kuiandika:

sudo zgrep akiba /var/log/apache2/access.log*

Mistari ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, kutoka saiba. Lakini juu yake kulikuwa na mitatu ya anwani nisiyoijua, ya siku nne nyuma. Wa kwanza ulifungua orodha. Wa pili na wa tatu ulichukua faili mbili, zote 200, zote hadi baiti ya mwisho. Inawezekana ilikuwa mashine inayozunguka mtandaoni kuokota chochote. Inawezekana alikuwa mtu. Kumbukumbu za Apache hukupa anwani na saa, hazikupi nia.

Nikapanda 46. Ndani ya gari nilipanga namna ya kulisema jambo hili lionekane dogo. Ningeweza kusema ni hitilafu, ningeweza kusema nimeshairekebisha, na vyote viwili vingekuwa kweli. Nilipofika nikamweleza Mwalimu kila kitu, pamoja na ile mistari mitatu. Hakunigombeza, na kusema kweli ningependa angenigombeza. Alifungua daftari, akanituma nikanunue kadi za simu, akasema, "Tunawapigia wote leo."

Siku hizi kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokutaka umjulishe Kamishna ndani ya saa 72 data za watu zikivuja namna hii. Mwaka 2013 hatukuwa na sheria hiyo. Tulikuwa na Mwalimu na daftari lake.

Tulipiga simu hadi saa nne usiku. Yeye alikuwa anasalimia na kuulizia watoto, kisha ananipa simu mimi niseme kosa ni langu. Wengine walicheka, wakasema namba yao inajulikana na mtaa mzima. Kijana mmoja alinyamaza, kisha akakata. Bawabu wa nyumba moja ya Lavington aliomba atolewe kabisa, jina, namba na kila alichowahi kutuma. Mwalimu akataka nifanye hivyo mbele yake. Nikaandika DELETE, nikamwonyesha: safu zake zimeondoka. Akauliza, "Na kwenye akiba?" Nikaenda kwenye faili za akiba, moja moja, nikazifuta zote. Akauliza, "Na zile zilizochukuliwa?"

Nikamwambia, hizo siwezi.

Siku ya kura ramani ilifanya kazi. Foleni zilikuwa ndefu, ujumbe ulioingia mwingi ulikuwa wa mashine za kutambua wapiga kura zilizokataa kuwaka na wazee waliochoka kusimama juani. Matokeo yalitangazwa tarehe 9, Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 30, Kawangware ikalala salama. Aprili nilifuta hifadhidata na kuirudisha seva kwa wenyewe.

Katika daftari, kando ya kila jina, Mwalimu alikuwa ameandika tarehe ambayo mhusika aliambiwa. Majina 40 yalikuwa na tarehe. Moja halikuwa nayo, simu yake haikuwa inapatikana tangu ile Jumamosi. Mwezi wa Juni nilipopita kwake kuchukua laptopu alikuwa bado anaijaribu, kila Jumapili baada ya kanisa.