Njia ya Mwongo ni Fupi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Wasomaji wapenzi, kisa hiki sikusimuliwa. Kilinifika mimi mwenyewe.

Shuleni kwetu kuna ruta mbili, moja katika maabara ya tarakilishi na nyingine maktabani. Hapo awali kila njia ya kupitishia data iliandikwa kwa mkono. Ukiongeza mtandao mpya, sharti uzunguke kila ruta ukiandika. Mwalimu wetu akaamua kutumia OSPF, itifaki inayoziwezesha ruta kupashana habari zenyewe. Kila ruta hujichorea ramani, kisha hutafuta njia yenye gharama ndogo zaidi kwa hesabu aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka wa 1959.

Jambo moja lilinichekesha. Kumbe ruta nazo huamkiana! Katika waya kama wetu, salamu hutumwa kila sekunde 10. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40, huhesabiwa kuwa amekufa. Tena lazima pande zote mbili zipange muda ule ule, la sivyo hakuna ujirani. "Msiguse bila ruhusa," mwalimu alituonya.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alhamisi jioni nilikuwa zamu ya kufagia maabara pamoja na mwandani wangu. Alipotoka kumwaga taka, nikajitoma kwenye tarakilishi ya mwalimu, ambayo ilikuwa bado wazi. Nilijiambia, "Salamu zikiwa kila sekunde 5, mtandao utaenda mbio." Nikabadilisha ruta ya maabara pekee, nikahifadhi, nikatoka nikipiga mluzi.

Lo! Usiku huo watahiniwa wa kidato cha nne walienda maktabani kudurusu mitihani ya zamani iliyohifadhiwa maabarani. Hawakupata hata karatasi moja. Taa za ruta ziliwaka, waya ulikuwa mzima, lakini njia haikuwepo.

Ijumaa mwalimu akauliza ni nani aliyegusa. Nikatulia tuli kama maji ya mtungi. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwa mwandani wangu, yeye ndiye aliyepigwa marufuku kuingia maabara. Hakusema neno. Alinitazama tu. Wee! Siku hiyo hata githeri haikupita kooni.

Jumamosi asubuhi nikabisha ofisini. "Mwalimu, ni mimi." Hakunigombeza. Alinipeleka maabarani, akaniambia nifungue orodha ya majirani. Ilikuwa tupu! Nikarudisha zile sekunde 10, tukangoja. Punde si punde jirani akajitokeza, na njia ya maktaba ikarudi.

Mwandani wangu alisafishwa jina mbele ya wote, nami nikafungiwa maabara majuma mawili. Haki yangu. Ruta ziliamkiana mara moja, lakini yeye hakunijibu salamu hadi Jumatano.