Lisbon: Mji wa Wafanyakazi Wasio na Ofisi

Ndugu msomaji, kama umewahi kuamka alfajiri ukagombea basi la Gongo la Mboto, ukafika kazini shati limekunjamana na daftari la mahudhurio limekwisha kufungwa, bila shaka umewahi kutamani kazi isiyokuwa na lango wala bwana mkubwa wa kukutazama saa. Kazi ya namna hiyo ipo, na waifanyao ni wengi. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 nilijaliwa kukaa siku kumi katika mji wa Lisbon, nchini Ureno, nami nikamwona kwa macho yangu Mtanzania mwenzetu, binti wa Tanga, aishiye kwa kazi hiyo. Aliniomba nisimtaje jina, nami nimelitii ombi lake.

Mji wa Lisbon umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia baharini. Njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe na vyeusi ambavyo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Katika mtaa wa Belém, ndani ya monasteri ya Jerónimos, limo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyepita pwani yetu mwaka 1498. Wareno waliomfuata walituachia Ngome ya Yesu pale Mombasa, na maneno kadha wa kadha ambayo leo tunayatumia bila kujua yalikotoka: leso, bendera, parafujo, na meza.

Neno hilo la mwisho nalitaja makusudi, maana habari yote ya mwenyeji wangu ni habari ya meza. Siku ya kwanza alinipandisha ngazi nyingi za mtaa wa Graça, huku nikitweta, akanifungulia chumba chenye dirisha moja. "Kaka, karibu ofisini," aliniambia. Palikuwa na kitanda, meza ya mbao na kompyuta mpakato. Hiyo ndiyo ofisi nzima.

Kazi yake ni kutangaza biashara za watu kwa njia ya intaneti. Huenda ukadhani ni kazi ya kuchora picha za kupendeza. Mimi nilidhani hivyo. Kumbe sehemu kubwa ni hesabu. Mtu aliyeko Uingereza akiandika katika kompyuta yake kwamba anatafuta viatu vya mvua, papo hapo, kabla hajapepesa jicho, hufanyika mnada baina ya wauza viatu kugombea nani tangazo lake lionekane juu. Mwenye fedha nyingi si lazima ashinde, kwani tangazo lenyewe nalo hupimwa kama linamfaa mtafutaji. Tena kwa kawaida mtangazaji hulipa pale tu mtu anapolibonyeza. Basi kazi ya binti huyu ni kuchagua maneno ya kunadia, kuandika tangazo moja kwa namna mbili, kuonyesha nusu ya watu hili na nusu lile, kisha kutazama lipi limeleta wanunuzi na lipi limekula fedha bure. Mwenye duka la viatu hajapata kumwona ana kwa ana hata siku moja.

Saa za Lisbon ni sawa na za Uingereza, lakini wateja wake wengine walikuwa New York, ambako saa ziko nyuma kwa saa tano. Saa nane mchana, wakati wewe ungekuwa unafikiria kufunga jalada, wao ndio kwanza saa tatu asubuhi, wanaanza kuuliza maswali. Hufunga kazi saa tano usiku, na wakati huo Tanga ni saa nane za usiku, mama yake yumo usingizini. Mama akiamka saa kumi na moja kwa ajili ya sala, binti naye amelala. Kwa siku za kazi huachiana ujumbe wa sauti tu, kila mmoja akimjibu mwenzake aliyelala.

Ureno ilifungua mlango rasmi kwa watu wa aina hii mwishoni mwa Oktoba 2022, kwa viza iitwayo D8. Sharti lake kubwa ni kwamba mwombaji aonyeshe kipato cha kila mwezi kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Mwaka 2023, alipoomba yeye, kima hicho kilikuwa euro 760, kwa hiyo alitakiwa kuonyesha euro 3,040. Mwaka 2025 kilifika euro 870, na sharti likapanda hadi 3,480.

Hapa nakuomba, msomaji, usimame kidogo pamoja nami. Sheria yenyewe inasema kwamba mgeni huyu ni lazima apate mara nne ya apatacho mfagiaji wa barabara ile ile atakayopanga chumba. Kisha wote wawili wanakwenda kugonga mlango wa mwenye nyumba mmoja.

Katika jengo la Graça, chini kabisa, aliishi bibi mmoja wa Kireno ambaye kila jioni alitoa kiti mlangoni. Ndiye aliyemsimulia binti, kwa Kireno cha polepole na mikono mingi, kwamba chumba kile pamoja na cha pili yake vilikuwa nyumba moja ya dereva wa basi, mkewe na watoto wawili. Kodi ikapandishwa, wakahamia ng'ambo ya mto. Bibi hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayekuonyesha picha ya ukutani. "Dada, ulijisikiaje?" nilimwuliza. Alijibu kwamba wiki nzima aliingia na kutoka kwa kunyata.

Haki itendeke, si wenye kompyuta peke yao waliopandisha kodi za Lisbon. Wamo watalii wapangao kwa siku tatu, wamo matajiri wa nje walionunua majumba ili wapate vibali vya kuishi, mpango ambao kwa upande wa majumba ulifutwa mwaka 2023, na nyumba mpya zilijengwa chache. Tarehe 1 Aprili mwaka huo maelfu ya wananchi waliandamana mjini humo na katika miji mingine kudai nyumba za kuishi. Hata hivyo, mara nne ni mara nne.

Wala usidhani fedha hizo huingia zote mfukoni. Wareno humwita mfanyakazi wa kujitegemea mtu wa "risiti za kijani", kwa sababu ya rangi ya stakabadhi alizokuwa akiandika zamani. Siku hizi huandikwa katika kompyuta, lakini jina limebaki. Baada ya miezi kumi na miwili ya mwanzo, mtoa huduma kama yeye hukatwa mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 21.4, unaohesabiwa juu ya asilimia 70 ya mapato yake, mbali na kodi ya mapato. Mteja hamlipii likizo. Miezi miwili kabla sijafika, yule wa New York aliyekuwa akitoa karibu nusu ya kipato chake alivunja mkataba kwa ujumbe wa mistari miwili, wa pili ukiwa wa kumtakia kila la heri. Hakuwapo wa kumwendea ofisini, wala chama cha wafanyakazi cha kukilalamikia. Kibali chake ni cha miaka miwili, na siku ya kukihuisha ataulizwa tena habari ya kipato.

Alipiga hesabu, akaona chumba cha Graça hakimudu. Siku yangu ya nane nilimsaidia kuhama. Tulishuka zile ngazi, mimi nimebeba meza kichwani kama mchukuzi wa Kariakoo, watalii wakitupiga picha. Bibi wa chini alimpa mtungi wa zeituni.

Pantoni ya kwenda Cacilhas huondoka Cais do Sodré, na safari ni kama dakika kumi. Ukitaka kuifahamu, fikiria ile ya Kigamboni nyakati za jioni. Wafanya usafi, wapishi na mafundi ujenzi, wengi wao kutoka Cabo Verde na Brazil, walikuwa wakirudi makwao, baadhi wakisinzia wakiwa wamesimama. Tuliegemeza meza kwenye ubavu wa chombo. Tulipofika katikati ya mto simu yake ikalia: muuza viatu alitaka kujua kwa nini mauzo ya Jumanne yamepungua. Aliifungua kompyuta juu ya meza ile ile, akaniomba niishike miguu yake isiteleze, akaanza kumwandikia.