Uliza Kabla ya Kutia Sahihi

Ndugu msomaji, je, umewahi kumpeleka mgonjwa hospitalini ukadhani shida imekwisha kwa kuwa tu amepata kitanda? Mimi nilidhani hivyo.

Mwaka 2023 figo za mama yangu zilishindwa kufanya kazi. Tulipanda matatu Kangemi alfajiri, tukashuka mjini, tukaingia katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari alisema ili damu isafishwe kwa mashine, sharti mama awekewe mrija mnene katika mshipa mkubwa wa shingo. Nilitia sahihi fomu bila kuuliza swali hata moja.

Muda si muda, nesi alitoka mbio. Nilipochungulia, shingo ya mama ilikuwa imevimba kama yai. Sindano ilikuwa imechoma ateri badala ya vena.

Mishipa hiyo miwili hulala ubavu kwa ubavu. Vena hurudisha damu moyoni. Damu yake imekolea na hutiririka polepole. Ateri hupeleka damu kichwani. Damu yake hung'aa na huruka kufuata mapigo ya moyo. Daktari mkuu alipakandamiza kwa mkono hadi damu ikakoma. Alinieleza kuwa tulibahatika, kwani ilikuwa ni sindano tu. Kama mrija mnene ungeingia katika ateri, asingethubutu kuuchomoa. Ungeachwa papo hapo hadi afike mpasuaji wa mishipa, maana kuuvuta huweza kuleta kiharusi au damu nyingi kumwagika.

Siku mbili baadaye walirudia, sasa wakitumia altrasaundi, mashine ile wanayopimiwa akina mama wajawazito. Niliiona mishipa kwenye skrini: vena ikibonyea, ateri ikidunda. Mrija uliingia mara moja, kisha mama akapigwa eksirei ya kifua. Huko Uingereza, madaktari walishauriwa tangu mwaka 2002 kutumia altrasaundi kwa mshipa huo. Mashine si kinga kamili, lakini hupunguza makosa. Na ile ya hapa ilikuwa chumba cha pili tangu siku ya kwanza!

Kwa hivyo, msomaji, ukiletewa fomu, uliza: Je, mtatumia altrasaundi? Nani ataingiza mrija, na ana uzoefu gani? Eksirei itapigwa lini? Kuuliza si ujinga, na daktari mwema hakasiriki. Mimi niliona haya mbele ya koti jeupe, na aliyeumia ni mama.