Nilikesha Gereji na Shemeji

Jamani, msinifikirie vibaya. Oktoba 2022 nilichukua likizo nikaenda Missoula, Montana, kumsalimia dada yangu aliyeolewa na Mmarekani. Hata begi sijafungua, dada kaanza: "Mdogo wangu, shemeji yako ana mwanamke mwingine. Jina lake 7mm Remington Magnum." Alikuwa anacheka, ila sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Hiyo ni aina ya risasi za bunduki ya kuwindia, zipo sokoni tangu 1962. Zinauzwa dukani tayari kabisa, lakini shemeji anatengeneza zake mwenyewe, kila usiku, gereji. Dada akienda kumwita mezani anainuliwa kidole: kimya. Wewe ungevumilia?

Nikaamua kuingia mwenyewe. "Karibu shem," akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "lakini nikipima baruti, usiongee." Kumbe kidole kina sababu. Mtu akikatizwa anaweza asijue tena ganda lipi limeshajazwa na lipi bado, na kosa la hapo linaweza kumlipukia usoni. Anachukua maganda yaliyokwisha kutumika, anayasafisha, anayarudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, anaweka fataki mpya, anapima baruti, kisha anakandamiza kichwa cha risasi. Ratili moja ya baruti ina greni 7,000, na yeye anahangaika na sehemu ya kumi ya greni moja! Anaanza na kiasi cha chini kilichoandikwa kitabuni, anapanda pole pole, anapiga tatu tatu kwenye shabaha huku kifaa kikisoma kasi. Komeo likianza kuwa zito kufunguka, au fataki ikitoka imekuwa bapa, anarudi nyuma. Kuna kiasi kilichokimbia kuliko vyote, akakikataa. Alitaka risasi zinazofanana, maana tofauti ya kasi ambayo huioni kwenye yadi 100, kwenye yadi 500 inakupeleka juu au chini ya ulipolenga.

Nikamuuliza, kwa nini usinunue tu, upate usingizi?

Akaweka mizani chini. Msimu uliopita alimpiga elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kutoka mbali mno. Akamjeruhi. Alifuata damu siku mbili, asimpate. Dada alichojua ni kwamba mume karudi mikono mitupu, tena alimtania mbele ya wageni.

"Shemeji, mwambie mkeo."

"Ataniona mjinga."

Sikumjibu. Ila kesho yake, wakiosha vyombo, nilisikia sauti ya dada imeshuka ghafla, nikaondoka jikoni kwa adabu. (Sawa, nilibaki koridoni kidogo.)

Usiku ule dada aliingia gereji na birika la chai, akakaa juu ya ndoo. "Sasa hii itafika mbali kiasi gani?"

"Yenyewe inafika. Mimi naishia yadi 300." Akaeleza kwamba kwenye yadi 500 risasi inatumia zaidi ya nusu sekunde njiani, na mnyama anaweza kupiga hatua, hata baruti iwe imepimwa vipi.

Nikafungua mdomo niulize swali. Dada akaniinulia kidole: kimya, anapima.