Aliyemwachia Mwenzake Ziwa

Ndugu msomaji, katika lugha yetu ndugu wawili waliofuatana kuzaliwa hutajwa kwa namna ya pekee. Mtu anapomtambulisha mkubwa wake kwa wageni hasemi tu kwamba huyu ni kaka yangu. Husema, "Huyu ndiye aliyeniachia ziwa." Ni maneno ya heshima, na hata wazee wenye mvi huyatamka. Lakini hebu tuyatazame kwa makini. Kumwachia mtu kitu aghalabu ni tendo la hiari, kama lile la kijana anayeinuka katika kiti ili mzee aketi. Je, mtoto wa miaka miwili au mitatu aliulizwa lini kama yuko tayari kuinuka?

Swali hili hunijia kila siku, maana mwandishi wa makala haya ni mama wa watoto wawili, naye anamtarajia wa tatu baada ya majuma saba. Binti yetu ana miaka saba na yuko darasa la kwanza. Mdogo wake, mvulana, ametimiza miaka mitatu. Tunaishi katika vyumba viwili vya kupanga hapa Dar es Salaam. Baba yao na mimi sote ni wafanyakazi, na maisha yetu hayana tofauti kubwa na ya wengi wanaousoma ukurasa huu: kuamka alfajiri, kugombea daladala, na kurudi magharibi na mfuko wa mboga mkononi.

MAANDALIO YA NANI?

Katika nyumba inayotarajia mtoto, maandalio huonekana kwa macho. Beseni jipya limekwisha kununuliwa. Kanga kuukuu zimefuliwa na kupasuliwa vipande. Vifaa vya kujifungulia vimefungwa katika mfuko na kuwekwa juu ya kabati. Fedha kidogo hutengwa kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya teksi, maana uchungu hauchagui saa. Kazini wenzangu huniuliza, "Mgeni anafika lini?" nami huwajibu kwa furaha. Walakini katika miezi yote hii sijakutana na mtu aliyeniuliza, "Na mwenyeji je, anaendeleaje?"

Mwenyeji ninayemsema ni yule mvulana wetu. Majuma machache yaliyopita alikichukua kikombe chake chekundu cha plastiki, akakisukuma chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya baba yake. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mtoto akija asikione." Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Alikuwa amewasikia majirani wakimtania uani: "Ufalme wako umekwisha! Mama si wako tena!" Watu wazima walicheka, wakaendelea na kufua. Yeye alikwenda kuficha mali yake.

Tangu siku hiyo akaanza tena kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha. Akataka kubebwa kwa mbeleko kama mtoto mchanga, na akaanza kusema kitoto maneno aliyokuwa ameyajua sawasawa. Baadhi ya jamaa walisema anadeka na dawa yake ni kiboko. Mimi na baba yake tuliona vingine. Mtoto wa umri ule hana maneno ya kuuliza, "Je, nafasi yangu ingalipo?" Basi huuliza kwa godoro lililolowa.

NENO LA WATU WA ACCRA

Ndugu msomaji, usidhani kwamba haya ni mambo ya machozi na kununa tu. Yamewahi kuwa mambo ya uhai na kifo, na ushahidi umo katika jina la maradhi ambayo wengi wetu tumeyasikia.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliwaona watoto wadogo, wengi wao wa kati ya mwaka mmoja na minne, wamevimba miguu, ngozi inabambuka, nywele zimebadilika rangi, nao hawana hamu ya chakula wala mchezo. Akina mama wa huko walikuwa na jina la hali hiyo katika lugha ya Kiga, ambayo ni lugha ya wenyeji wa Accra. Waliiita kwashiorkor, yaani maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa mahali pake mwenzake anapozaliwa. Mwaka 1935 daktari huyo alilitumia jina hilo katika jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, na tangu hapo likaenea duniani kote.

Wazee wetu nao waliyaona mambo hayo hayo. Walisema mtoto amebemendwa. Waliamini kwamba amedhoofika kwa sababu wazazi wake hawakushika mwiko, au mama yake ameshika mimba nyingine yeye angali ananyonya. Wakati wa maradhi kuingia waliutambua vema. Kilichowapotea ni sababu yake. Maziwa ya mama mjamzito si sumu. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ziwa ghafla, pengine kwa kupakwa shubiri, kisha kupewa uji mwepesi wa mahindi matupu asubuhi na jioni, hata kuhara au surua ikimkuta hana nguvu ya kupambana nayo. Tena imani ile ilizaa aibu. Mama aliyeogopa kunyooshewa kidole alimfungia mtoto ndani badala ya kumpeleka kliniki mapema.

Leo tunao mwongozo ulio wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonyeshwa hadi afikishe miaka miwili au zaidi, huku akipewa vyakula vingine tangu miezi sita. Linashauri pia kwamba baada ya kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya mama kushika mimba nyingine. Elimu ya uzazi wa mpango si ngeni kwetu, maana chama cha UMATI kilianza kazi hiyo hapa nchini tangu mwaka 1959. Na iwapo mimba imetangulia mpango, mama asikimbilie shubiri. Aulize kwanza kliniki, kwani wengi walio na afya njema na chakula cha kutosha wanaweza kuendelea kunyonyesha. Mtoto akiachishwa, basi uji wake uwe na kitu ndani: karanga zilizosagwa, maziwa, dagaa waliotwangwa au yai. Na maharage yaliyopondwa yasikose katika sahani yake.

NJAA YA MAPAJA

Mvulana wetu, tunashukuru, hana njaa ya tumbo. Lakini mtoto anayeondolewa mahali pake huonja njaa nyingine, nayo haionekani katika mizani ya kliniki. Ni njaa ya mapaja. Tumbo la mama likikua, mapaja hujaa kabla mgeni hajafika. Mtoto huja mbio kama alivyozoea, akakuta hakuna pa kukaa, na huambiwa, "Shuka, mama amechoka." Ni kweli mama amechoka. Lakini mtoto husikia neno la kwanza tu.

Kwa sababu hiyo mimi na mume wangu tulikubaliana kuyatenda mapema yale yaliyokuwa lazima yatendeke. Kijana alikuwa akilala nasi. Tulimhamishia katika kitanda cha dada yake miezi minne kabla ya siku yangu, ili ajue kwamba amepata kitanda, asije akadhani kwamba mtoto mchanga amemfukuza. Kuoga jioni sasa ni kazi ya baba na mwana. Mimi nikisha kula hukaa mkekani nimeegemea ukuta, naye huketi ubavuni pangu kwa muda wa hadithi moja. Mapaja hayapo, lakini ubavu upo.

Siku moja nilikwenda naye kliniki. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye subira, alimruhusu asimame karibu aliponipima kwa kile kifaa kidogo kinachotoa sauti ya mapigo ya moyo. Mtoto alisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Anakimbia." Hakukosea sana. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alimtaja yule aliye ndani bila hasira. Hata hivyo kikombe bado kiko chini ya kitanda, nasi hatujakigusa. Atakitoa mwenyewe atakapoona salama.

AENDE KWA BIBI?

Kisha likaja suala zito. Jamaa wa upande wa mume wangu walishauri kwamba kijana apelekwe kwa bibi yake mkoani hata mtoto mchanga atakapofikisha miezi sita, ili mimi nipumzike. Shauri hilo lilitolewa kwa mapenzi. Wengi wetu tulilelewa hivyo, na mikono ya bibi imewaokoa watoto wengi. Mume wangu alilikubali nusu. Mimi sikulikubali, lakini sikutaka kuonekana mke anayepinga desturi za watu.

Aliyelimaliza suala hilo ni mama mkwe mwenyewe, kwa simu. Alisema, "Mwanangu, mimi nilipelekwa kwa bibi mama yangu alipojifungua mdogo wangu. Niliporudi nyumbani nilimwamkia mama yangu shangazi. Mama alilia siku ile, nami sikujua kilichomliza. Mtoto abaki kwao. Nitakuja mimi."

Sisemi kwamba kila nyumba ina bibi anayeweza kusafiri, wala kwamba kila mtoto anayepelekwa kwa bibi huumia. Nasema tu kwamba tunapopanga mtoto aende wapi, ni haki tuulize pia atarudi akiwa nani.

DADA SI YAYA

Na binti je? Yeye ndiye kifungua mimba, na msiba wake ni kusifiwa. Kila anayeingia mlangoni humwambia, "Wewe sasa mkubwa, msaidie mama." Maneno hayo ni mazuri kwa kiasi. Yakizidi, mtoto wa miaka saba hugeuka yaya asiye na mshahara wala siku ya mapumziko. Hubeba mdogo wake mgongoni, huchota maji, hufagia, na kitabu cha shule hufunguliwa usiku akiwa tayari anasinzia. Nyumbani kwetu tumeweka mpaka: kwanza kazi ya shule, kisha mchezo, kisha kazi ndogo zinazolingana na mikono yake. Mzigo unaobaki ni wa wazazi wawili.

Nimesema wawili kwa makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba kwa kawaida hupata siku 3, nazo azichukue ndani ya juma la kwanza. Siku tatu hazitoshi hata kujua sabuni ya mtoto imewekwa wapi, sembuse kumtuliza mkubwa anayelia usiku. Ndiyo maana baba mwenye busara huanza kazi hiyo kabla, wala hangoji siku ya kuitwa hospitali. Tena anayo likizo yake ya mwaka ya siku 28, ambayo anaweza kupatana na mwajiri wake aichukue wakati huo. Mume wangu amekwisha kuiomba na amekubaliwa.

Faida yake si ya watoto peke yao. Mama mwenye watoto wadogo mara nyingi huikosa kliniki kwa sababu hana wa kumwachia. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito akutane na wahudumu wa afya angalau mara nane. Kichwa kikimwuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikimtoka au mtoto akipunguza kucheza tumboni, haimpasi kungoja kesho. Watoto waliozoea mikono ya baba, au ya jirani mwema, humfungulia mama yao mlango wa kuondoka upesi.

OMBI KWA WAGENI

Ndugu msomaji, desturi yetu ya kwenda kumtazama mzazi ni njema na idumu. Tunakwenda na sabuni, kanga na fedha ya kutunza, kisha tunapita moja kwa moja hadi chumbani kumfunua mchanga. Pale mlangoni huwa amesimama mtoto mwingine, kidole mdomoni, anatutazama tukipita.

Safari ijayo, tafadhali simama hapo. Msalimu kwanza yeye kwa jina lake. Umwombe akupeleke akakuonyeshe mdogo wake. Kama una chungwa mfukoni, mpe yeye, maana mchanga hana meno. Na lile neno la utani kuhusu ufalme uliokwisha lihifadhi kinywani mwako.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni wetu yuko njiani. Tuhakikishe mwenyeji anapona.