Staa na Feni ya Mama Jirani

Kuna staa mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, gari lake halionekani mjini tangu mwaka jana. Akiulizwa anasema liko gereji. Ukweli kaliuza, na banda la gari pale kwake Tabata limegeuka karakana. Kabla ya kamera jamaa alikuwa fundi umeme, ila alificha sana.

Juzi mama jirani kampelekea feni: inaunguruma lakini haizunguki, mpaka uyasukume mapanga kwa kijiti. Jamaa hakuuliza mara mbili, kapasita hiyo. Akachomoa plagi, akafunga mpya ya namba ileile, upepo ukarudi. Mama akatoa elfu tano. Akaipokea, kimya. Halafu akasema, “Mama, naomba usiniposti.”

Mama mwenyewe anatumia kitochi.